Na waliokuleta, walikula nini?

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, siku yangu ya kwanza Arusha, nilikuwa nimepiga magoti sakafuni nafungua kioo. Kile kioo kirefu cha kuegemeza ukutani, nilikinunua kwa fundi pale Soweto Mbeya miaka sita iliyopita na nimekihamisha nacho nyumba tatu bila ufa. Kilikuwa kimezungushiwa kamba ya manila mara nne, chini ya kamba blanketi langu la zamani, na ndani ya blanketi, kwenye zile kona mbili za juu ambazo ndo huwa zinavunjika, kulikuwa na jaketi.

Halikuwa langu.

Jaketi la kijivu, zipu imekufa, mkono wa kulia una grisi mpaka kwenye kiwiko. Nilijua la nani kabla sijalinyanyua vizuri. Nikajifunga kanga nikatoka mbio mpaka getini, nikavuta komeo, nikachungulia.

Canter haikuwepo.

Zilikuwepo alama za tairi kwenye vumbi, pale walipogeuzia, na doa la oili, na maganda ya ndizi mbivu mawili yamewekwa pembeni ya mtaro, yamepangwa vizuri, kama mtu aliyeogopa kuchafua kwa watu.

Hiyo ni wiki ya sita sasa. Nimeanza kuandika hii kitu mara tatu nikafuta.

## Watu watatu kwenye kabini

Habari za uhamisho wenyewe sitazirudia, mnaonifuatilia hapa mnazijua, barua ilivyochelewa na hela ya kuhamia ambayo mpaka leo naambiwa iko njiani. Nilichopata ni bahati ya Canter iliyokuwa inapanda Arusha tupu kufuata mzigo, kwa hiyo dereva akakubali kunibebea vitu kwa bei ambayo peke yangu nisingeiweza. Kitanda, godoro, friji, kabati la vyombo, magunia mawili ya viazi, mchele wa Kyela kilo 50, mtungi wa gesi, kioo. Maisha ya nesi wa miaka kumi na mmoja yanaenea kwenye Canter moja na nafasi inabaki.

Tukatoka Uyole saa kumi alfajiri, Jumatano. Mbele tulikuwa watatu. Suka, yaani dereva, mzee wa makamo, kofia ya sufu haivui hata jua likiwaka. Mimi dirishani. Na katikati, miguu imebanwa na gia, tingo wake, yaani msaidizi wa gari, kijana wa miaka 19, kwao Kyela, kule chini kwenye joto la ziwa. Suka alikuwa anamwita dogo na mimi nikamwita dogo, na sikumuuliza jina. Siku mbili nzima. Hilo nalo nimelifikiria sana.

Makambako tukapima mizani, Wenda tukapima tena, Iringa hatukupanda mjini, tulipita pale chini Ipogolo tukanywa chai tukaikamata njia ya Mtera. Kwa asiyeijua, ile ni kilomita kama 260 mpaka Dodoma na kuna mteremko wa Nyang'oro ambapo suka alizima redio, akashusha gia, na hakuna aliyeongea mpaka tulipofika chini. Mtera tukavuka juu ya bwawa, yale maji yakishapita kwenye mitambo pale yanashuka tena kwenda kufua umeme Kidatu, na upande wa pili kuna kina mama wanauza perege wa kukaanga. Suka akanunua watatu. Nikatoa hela akaikataa, akasema, "Sista, ukiwa kwenye gari langu wewe ni mgeni wangu."

Tukala kwa mikono yetu kwenye karatasi moja, tumeiweka juu ya siti katikati. Dogo alikuwa anachambua miba upande wangu bila kuambiwa.

Dodoma nililala gesti ya Nzuguni, shilingi elfu kumi na tano, maji ya moto kwenye ndoo. Wao wakalala kwenye gari kwa sababu mzigo hauachwi. Sikulifikiria hilo hata kidogo, ndo kazi ilivyo, kila mtu anajua, na asubuhi nikawakuta wamenawa uso kwa dumu wananisubiri.

## Masaa matano karibu na Kolo

Siku ya pili tulitakiwa tufike Arusha saa tisa alasiri, saa kumi ikizidi sana. Lami ya Dodoma mpaka Babati, zile kilomita 251, ilizinduliwa 2018, na suka anasema kabla ya hapo yeye alikuwa hapiti kabisa, alikuwa anazungukia Singida. Alivyokuwa anaisifia ile barabara unafikiri kaijenga yeye. Tumeipita Chemba, tumeipita Kondoa, tuko mbele kidogo kuelekea Kolo, tairi la nyuma likapasuka.

Na la akiba lilikuwa na pancha.

Suka akapata bodaboda akalipakata tairi kurudi nalo Kondoa, mimi na dogo tukabaki. Ilikuwa saa tano asubuhi. Alirudi saa kumi kasoro.

Wale mliosoma Jiografia ya zamani mtakuwa mnaikumbuka Kondoa kwa makorongo, mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza 1973, mpaka mifugo ikaondolewa kabisa 1979 ili ardhi ipumzike. Nilifundishwa hayo darasani Tukuyu ambako mvua hainyeshi, inaishi, na sikuelewa ardhi inapumzikaje. Sasa nimekaa juu ya dumu nayaangalia yale makorongo yenyewe, mengine yameota miti mpaka chini. Na ng'ambo huko kwenye vilima ndo kuna ile michoro ya miambani ya Kondoa iliyoingia kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Dogo akaniambia, "Anti, kama unataka kwenda kuona nenda, vitu mi nalinda." Nikamwambia tutaenda siku nyingine, kama vile mimi na yeye tuna siku nyingine.

Masaa matano ni mengi. Aliniambia amefika Arusha mara tatu na hajawahi kuiona. Wanaingia usiku, wanapakia usiku, alfajiri wameshatoka. "Mlima Meru nausikia tu," akasema. "Anti, upo kweli?"

Nikamwambia kwenye ramani upo, mita elfu nne mia tano na kitu. Akacheka, akasema ramani hata Kyela ipo.

Mama yake anauza dagaa. Yeye alimaliza kidato cha nne akapata alama ambazo hakutaka kunitajia. Anakohoa, kikohozi kikavu, kifupi, na mimi kwa mazoea nikamuuliza kina muda gani, akasema ni vumbi tu, nikamuuliza usiku anatoka jasho, akasema hapana, kupungua uzito hapana, nikaridhika. Hivyo ndo tulivyofundishwa, uliza maswali ya kifua kikuu uridhike.

Saa kumi na nusu tukaondoka, na hapo ndo upepo ukaanza. Kabla ya Bereko kamba ya turubai ikakatika, turubai likaanza kupigapiga kama bendera, nikasikia kitu kinagonga nikapiga kelele, "Kioo changu!" Suka akasimama. Dogo akaruka nyuma, akapotea kama dakika kumi, akarudi dirishani akasema, "Nimekifunga vizuri anti, hakivunjiki hicho." Af akasema yeye atakaa huko huko nyuma, chini ya turubai, alishikilie, maana kamba iliyobaki haiaminiki.

Nilisema asante. Nakumbuka nilisema asante.

## Twiga

Babati tuliiona taa tu. Magugu suka akasimama akanunua mkungu mdogo wa ndizi mbivu, nyingine akampa dogo nyuma, mbili akanipa mimi. Nikala moja nikasinzia.

Kwakuchinja akaniamsha kwa kupunguza mwendo. Pale wanyama wanavuka kati ya Tarangire na Manyara, na suka aliwasha taa kamili akawa anaenda taratibu kuliko baiskeli, kidevu kimefika karibu na usukani. Twiga wawili. Mmoja alisimama katikati ya lami akatuangalia, miguu tu ndo iko kwenye mwanga, shingo imeingia gizani huko juu. Suka hakupiga honi. Tulisubiri. Nikasikia nyuma yetu, chini ya turubai, kile kikohozi, mara mbili, na twiga akageuza masikio.

Tulipopita njia panda ya Monduli suka akanyanyua kofia kidogo, hiyo ndo mara pekee nilimuona akiigusa, akasema, "Kwao Sokoine." Alikuwa mtoto, akasema, tarehe 12 Aprili 1984, redio ikatangaza ajali ya Dakawa iliyomuua Sokoine, waziri mkuu, na baba yake ambaye naye alikuwa dereva akakaa chini palepale aliposimama. Baada ya hapo hakuongea tena mpaka taa za Kisongo.

## Saa nne na robo usiku

Tukakunja Mbauda kuelekea Kwa Mrombo, tukapotea mara mbili, bodaboda mmoja akatuongoza, "Nifuate mzee, mi chalii wa hapa hapa." Mama mwenye nyumba alikuwa ameacha funguo kwa jirani. Baridi ya Julai, ukungu unashuka kwenye taa ya mtaani kama mvua isiyotaka kunyesha.

Wakashusha vitu dakika arobaini. Kitanda wakakiunga kabisa, dogo ana spana yake mfukoni. Friji wakaiweka nilipotaka, nikabadilisha mawazo, wakaihamisha. Kioo wakakiegemeza ukutani hivyo hivyo kikiwa kimefungwa, mimi nikasema, "Acheni, nitakifungua kesho."

Nikamlipa suka iliyobaki, nikaongeza elfu kumi. Akashukuru kwa mikono miwili.

Halafu pakawa na ule ukimya.

Mnaujua ule ukimya, kazi imeisha na mtu bado kasimama, anaangalia tairi ambalo halina shida. Suka akasema, "Haya sista, sisi tutajibanza hapo nje mpaka alfajiri, tukaangalie mzigo wetu." Dogo alikuwa nyuma yake, kasimama kwenye mwanga wa mlango, tisheti tu, mikono yote miwili ameiingiza ndani ya tisheti ameikumbatia tumboni. Niliona. Siwezi kusema sikuona.

Nikasema, "Haya jamani, Mungu awabariki, mlale salama."

Nikafunga geti.

Nikapanda kitandani, kwenye kitanda walichokiunga, nikavuta mablanketi mawili. Nilikisikia kile kikohozi kama mara tano hivi kabla sijapitiwa. Dodoma walilala kwenye gari kwa sababu ya vitu vyangu. Arusha vitu vyangu vilikuwa ndani.

## Vikombe vitatu

Saa moja asubuhi mama mwenye nyumba akagonga. Mmeru, mtu mzima, mkononi ana sufuria limefunikwa sahani, juu ya sahani kapanga vikombe. Mtori, ile supu ya ndizi. Akasema amesikia gari usiku akajua mgeni wake kafika na mgeni hawezi kupika siku ya kwanza.

Vikombe vilikuwa vitatu.

"Wenzako wako wapi?" akauliza. Nikamwambia wameondoka alfajiri. Akasema "aah," akachukua vikombe viwili akavishika kwa mkono mmoja, vikagongana, akaniachia kimoja. Mtori wake ulikuwa mzito, una kipande cha mfupa, nilikunywa huku nimesimama karibu na lile jaketi na sikuweza kumaliza.

Ndizi za kwetu Rungwe tunapika mbalaga, nimekula ndizi tangu sina meno, lakini ule mtori nilijua nimepewa kitu ambacho jana yake usiku mimi nilikuwa nacho na sikukitoa.

## Sababu zangu

Nimejitetea sana wiki hizi. Nataka niziandike sababu kwa sababu nyingine ni za kweli.

Mwanamke peke yangu, mji sijui hata dukani ni upande gani, usiku wa manane, wanaume wawili niliofahamiana nao kwa siku mbili. Nimefanya kazi za usiku wodini miaka mingi, nimewapokea wanawake ambao mlango walifungua wenyewe kwa mtu waliyemjua. Wenzangu wapya kazini nilipowasimulia wote walisema nilifanya sawa, mmoja akasema hata angekuwa yeye asingewaruhusu wasogee mpaka chumbani na kitanda. Na mimi sitaki dada yeyote anayesoma hapa afungue geti lake usiku kwa sababu ya maneno yangu. Hilo nalisema kwa moyo wote.

Sababu nyingine ilikuwa mama mwenye nyumba, nilimwogopa kabla sijamuona, nikasema atanionaje, usiku wa kwanza na wanaume. Ile nilikuja kumuuliza wiki ya pili tukiwa tunachambua mboga. Akanishangaa. Nyuma ya banda la kuku kuna chumba cha vijana wake waliohamia Dar, kina kitanda na mlango wake wa peke yake. "Si ungegonga dirishani," akasema. "Mimi usiku silali, mimi ni mzee."

Nyingine nilijiambia usiku uleule, nimelala: hawa ni watu wa Mbeya, baridi ya Arusha itawafanya nini. Na kweli Mbeya iko juu kuliko Arusha, Julai ya Uyole si mchezo. Lakini dogo si mtu wa Uyole. Alishaniambia kwao ni Kyela. Nilikuwa na masaa matano ya kumjua na nilimjua vizuri tu.

Basi nikawa nimefika mahali nikasema sawa, kulala isingewezekana, usalama kwanza, yaishe. Na ilikuwa inaelekea kuisha kweli. Jaketi nililifua, mara mbili kwa ajili ya grisi, mfukoni nikakuta spana namba 13 na karatasi ya mizani ya Wenda imekunjwa mara nne. Nikalitundika nyuma ya mlango. Nikaanza kuzoea.

## Jumapili, simu

Mama yangu yuko Tukuyu na huwa nampigia Jumapili akitoka kanisani. Safari nilishamsimulia mara mbili, twiga anawapenda, alitaka nimrudie pale twiga anapogeuza masikio. Jumapili ya wiki ya nne nikamwambia na habari ya jaketi. Nilimwambia kama kituko cha njiani tu, nikaongeza haraka haraka kwamba unajua mama nisingeweza kuwalaza ndani.

Akasema, "Ndiyo, kulala ungewalaza wapi."

Akanyamaza. Nikasikia kuku wake.

Akasema, "Na waliokuleta, walikula nini?"

Nikasema, "Sijui, mama."

"Hujui."

Hakusema zaidi. Akahamia kwenye bei ya mbolea. Lakini mimi nilikuwa najua. Walikula ndizi za Magugu, yale maganda mawili niliyaona kwa macho yangu yamepangwa kwenye mtaro.

Mwaka 2009 tulipokuwa tunaezeka nyumba ya Tukuyu, bati zililetwa na loli saa tano usiku, mvua inanyesha, gari lilikwama Kiwira huko. Baba alikuwa ameshafariki. Mama nyumbani ana watoto na wanaume wanne wageni uwanjani, na hakumruhusu hata mmoja kuingia ndani, sasa nakumbuka vizuri, walikaa barazani. Ila aliwasha moto. Mimi nilishika koroboi, yeye akamenya ndizi, akachemsha na maharage yaliyokuwa ya kesho yetu, akawatolea kwenye sinia moja, akakaa mlangoni akawaangalia mpaka wakamaliza. Sisi asubuhi tulikunywa chai kavu.

Mlango na chakula, kwa mama, ni vitu viwili tofauti. Mimi nilivifunga kwa kamba moja. Nilitumia hofu ya mlango, ambayo ni ya kweli, kuficha sufuria ambalo sikutaka kuliosha. Mchele ulikuwepo. Viazi magunia mawili, wao wenyewe ndo waliyabeba mgongoni kuyaingiza. Gesi ilikuwepo. Nusu saa tu, ningewapa getini, ningewapa kwenye karatasi kama ile ya Mtera.

Na nadhani najua kwa nini haikunijia. Mimi nilijihesabu mgeni. Kilomita zaidi ya 1,000 nimekaa kwenye kiti cha mgeni, nimenunuliwa samaki, nimechambuliwa miba, nimepewa ndizi mbili, nikashuka Arusha bado niko mgeni, nasubiri kupokelewa, nimechoka, nahurumia nafsi yangu. Sikuona kwamba kile kitanda kilipoingia tu ndani, pale pakawa kwangu. Waliosimama mlangoni ndo walikuwa wageni, wageni wangu wa kwanza kabisa kwenye huu mji, na niliwaambia mlale salama.

Siku moja wiki hiyohiyo mawingu yakafunguka. Nilikuwa nashuka kwenye haisi pale Mnara wa Saa, ule wanaosema ni nusu ya njia kutoka Cape mpaka Cairo, nikageuka kutafuta upande wa kuvukia na mlima ukawa umesimama pale. Mkubwa hivyo. Siku zote ulikuwepo juu ya vichwa vyetu na mimi kila nikiuliza njia watu wananiambia "panda juu", "shuka chini", nisijue juu ya nini. Nikaupiga picha. Nikataka kuituma kwa mtu mmoja tu na namba yake sina.

## Kilombero

Namba ya suka ninayo. Ilinichukua siku nne kupiga. Alikuwa Tunduma, akaniitikia kwa furaha kabisa, "Sista wa kioo! Hakikuvunjika?" Nikamwambia hakikuvunjika. Nikamuuliza dogo yuko hapo nimsalimie.

Dogo aliacha kazi. Safari mbili baada ya ile yangu, alipata magari makubwa yanayovuka kwenda Zambia. Nikamuuliza kikohozi chake. Suka akafikiri kidogo, akasema, "Kipi?"

Akaniambia Alhamisi atakuwa Kilombero, soko la hapa Arusha, na mchele.

Juzi Alhamisi nilitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na hotipoti mbili. Machalari, ndizi na nyama, ya mama mwenye nyumba, alinisimamia jikoni mwenyewe, nyama hakunipimia, na chapati zangu. Chupa ya chai ya maziwa. Jaketi nimelikunja kwenye mfuko na spana yake ndani. Pale sokoni malori yalikuwa yamejipanga kwenye ukungu, wapagazi wanapokezana magunia, nikawa napita napiga kelele namba ya gari kama konda.

Suka alikuwa na kofia yake ileile. Ameshuka akanisalimia kabla sijamwamkia, nikamwambia hapana mzee, shikamoo, akasema marahaba. Tingo mpya ni kijana mfupi, mkimya, suka anamwita dogo.

Nikamuuliza jina lake. Akashtuka kidogo, akanitajia.

Tuliweka hotipoti juu ya siti, katikati. Walikula bila kuongea, yule kijana alikula kwa haraka ya mtu ambaye ana gunia linamsubiri, nikamwongeza, akaangalia suka kwanza ndo akapokea. Niliwaangalia mpaka wakamaliza.

Jaketi nilimwonyesha suka. Akalishika mkono wenye grisi, akatabasamu, akasema hili lilikuwa la kwake yeye zamani, alimpa dogo safari ya kwanza. Akataka nimpe huyu mpya, baridi hii. Nikashindwa kujibu. Kijana alikuwa anasikia, ameinama anafunga kamba ya turubai. Nikampa. Spana nikabaki nayo, na suka akanitafutia namba ya yule mwingine kwenye daftari lake la simu, imeandikwa kwa penseli.

Nimemtumia picha ya mlima. Nimeandika, upo kweli. Mpaka naandika hapa ina tiki moja.

Suka alisema atarudi na mzigo mwingine Jumanne ya wiki ijayo, ataingia usiku kama kawaida. Nikamwambia aje moja kwa moja Kwa Mrombo, kwa mama kuna chumba nyuma ya banda la kuku nimeshaomba, na chakula kitakuwepo saa yoyote. Akasugua kidevu. Akauliza kama kule kwangu Canter inageuka.

Nikamwambia inageuka mzee, si uliigeuza mwenyewe usiku ule.